Kutia matiko kisu cha kujitengenezea kwa mkaa, chumvi na sukari

Wakuu, kisu unaweza ukakichonga vizuri, ukakisugua kikang'aa, ukakifungia mpini wa mninga, na bado kikawa ni kipande cha chuma chenye sura ya kisu tu. Wazee wakisema "kisu hiki hakina matiko" maana yake ni hiyo, unakata nyanya tatu ya nne inapondeka. Sasa wengi wetu tukisikia kutia matiko tunajua ni kuchoma mpaka chuma kiwe chekundu alafu unachovya kwenye ndoo ya maji, kikilia tshwaaa umemaliza. Mi nilifanya hivyo hivyo kisu changu cha kwanza, springi ya Fuso, siku tatu nzima nakipiga tupa mpaka vidole vimeota sugu, nikakichovya kwenye maji nikasikia "ting!" kama mtu kagonga glasi na kijiko. Kukitoa kina ufa mwembamba kama unywele kutoka kwenye makali mpaka katikati ya bapa. Siku tatu zimeenda.

Tatizo halikuwa moto wala mkono wangu, tatizo nilikuwa nakisia. Nilikisia chuma, nilikisia joto, nilikisia cha kuchovyea. Mashine za kupima joto la tanuru bei yake sio ya kwetu, ila jikoni kuna vipima joto viwili ambavyo havidanganyi na kila nyumba vipo, chumvi na sukari. Chumvi ya mezani inayeyuka kwenye digrii 801, sukari inayeyuka kwenye digrii 186 hivi. Kisu kinataka moto mara mbili, moto mkubwa wa kukikaza na moto mdogo wa kukipunguzia ugumu uliozidi kisivunjike, na hizo namba mbili zinakaa karibu kabisa na pale unapotaka.

Kwanza chuma. Usichukue nondo, nondo nyingi za kujengea kaboni yake ni ndogo, choma uchovye mpaka kesho haikazi. Chukua springi bapa za chini ya gari. Za magari ya Kijapani mara nyingi ni chuma kinachoitwa SUP9, za Kimarekani ni 5160, vyote vina kaboni kwenye asilimia 0.5 hadi 0.6 na kromiamu kidogo, na tabia zao zinafanana kiasi kwamba utaratibu ni mmoja. Kwa wauza skrepa wanapima kwa kilo, chagua jani lililonyooka lisilo na kutu ya kuchimba, na kata mbali na lile tundu la katikati la bolti maana nyufa ndogo ndogo za uchovu hupenda kuanzia pale, huzioni kwa macho ila ukichovya tu zinafunguka. Tupa kuukuu nayo ni chuma kizuri sana ina kaboni nyingi zaidi, lakini ina mambo yake, anza na springi.

Kabla hujagusa kisu chenyewe kata kutoka kwenye springi ile ile kipande cha upana wa vidole viwili. Hicho ni cha majaribio na usikiruke, ntakuambia kazi yake.

Ili springi ichongeke kwa tupa na grainda bila kukuua, ilainishe kwanza. Ichome iwe nyekundu, fukia kwenye debe la majivu makavu, iache mpaka asubuhi. Alafu chonga umbo lako. Makali usiyamalize, yaache na unene wa milimita 1 hadi 1.5, ukiyafanya membamba kama wembe kabla ya kuchovya yatapinda kama karatasi ya pipi au yatapasuka. Mikwaruzo ya grainda inayopita kwa upana wa bapa nayo ifute kwa msasa namba 120 alafu 220, ukisugua kwa urefu, maana kila mkwaruzo mzito unaokatiza ni mlango wa ufa. Kona kali pale bapa linapokutana na kishikio zizungushe kwa tupa ya duara. Tundu za ribiti toboa sasa hivi, ukishakaza biti zako zote zitakufa pale.

Sasa tanuru. La kwangu ni debe la mafuta lililokatwa kwa urefu likalazwa kama mtumbwi, ndani nimekandika udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majivu unene wa kama vidole vitatu. Liache likauke kivulini siku kadhaa alafu liwashie moto mdogo wa kuni kwanza, ukiliwashia moto mkubwa likiwa bichi udongo unapasuka na vipande vinaruka. Chini kwenye udongo linapita bomba la inchi moja lenye matundu ya milimita 6 kila baada ya sentimita 5 hivi, ncha moja imezibwa, nyingine inatoka nje kama nusu mita na huko ndiko kuna draya ya nywele kuukuu nimeitoa saluni, inapuliza upepo wa baridi tu. Urefu huo wa bomba una maana, draya ikiwa karibu inayeyuka. Kama umeme hakuna mvukuto wa ngozi unafanya kazi ile ile na mtoto wa jirani atakusaidia kuvuta kwa soda moja.

Bomba liwe lile jeusi la chuma. Lile la maji lenye rangi ya mabati limepakwa zinki, likipata moto linatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta usiku huo utalala na homa na kutetemeka kama una malaria, sio utani. Na kazi hii yote ni nje au chini ya paa lililo wazi pande zote, mkaa ndani ya chumba unaua kimya kimya na hauna harufu ya kukuonya.

(Hapa nawakumbuka Wahaya. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wao wa Buhaya, wakaeleza kwamba mabomba ya udongo ya kupulizia yaliingizwa ndani kabisa ya tanuru ili upepo ufike kwenye mkaa ukiwa umeshapata moto, na kwamba ufundi wa kuyeyusha chuma huko una umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Sisi tunahangaika na draya.)

Juu ya mkaa nalaza kipande cha bomba jeusi la inchi 2 au 3, wazi pande zote mbili, alafu naongeza mkaa juu na pembeni. Kisu kinaingia ndani ya bomba hilo, hakigusi mkaa. Hii ni siri ndogo ila imeniokoa sana, joto linakuwa sawa toka ncha mpaka kwenye kishikio na wewe unaona kisu chako vizuri bila kukifukua kila saa. Mkaa uwe vipande vya ukubwa wa ndimu. Upepo mdogo. Watu wanapenda draya ipige mpaka mwisho moto ulie kama ndege, matokeo yake ncha ya kisu inaungua, na ukiona vicheche kama nyota vinatoka kwenye chuma chenyewe hapo hamna cha kuokoa, kata hiyo sehemu utupe.

Anza kazi jioni jua likishazama. Rangi ya chuma chenye moto mchana wa jua haionekani, unachokiona cheusi kumbe kina digrii 700, unachokiona chekundu vizuri kumbe kimeshapita 900. Kwenye giza giza macho yanakuwa na akili.

Kabla ya kukaza kuna kitu wengi wanaruka, kupumzisha chuma. Choma kisu mpaka rangi ya chungwa hafifu, kitoe, kining'inize kwenye waya hewani bila kupepea, subiri mpaka weusi urudi na ukikiweka gizani hakina hata dalili ya wekundu. Rudia mara ya pili moto kidogo chini ya huo, mara ya tatu chini zaidi, wekundu wa nyanya iliyoiva. Hii inafanya punje za chuma ziwe ndogo na inatoa ile misuli iliyojikunja ndani wakati unagonga na kukata. Visu vyangu vilivyopinda kwenye mafuta karibu vyote ni vile nilivyokuwa na haraka nikaruka hapa.

Mafuta ya kuchovyea ni ya alizeti ya kupikia, lita 4 au 5, sio maji. Chuma cha springi kinakaza kwenye mafuta, maji yanakipoza kwa kasi kuliko kinavyoweza kuvumilia na ndio ile "ting" yangu. Oili chafu ya gari wengi wanaitumia kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi ndio, ila moshi wake una uchafu wote wa injini na utakuwa umeinamia pale pua imefika. Alizeti inanuka kama unakaanga samaki, basi. Chombo kiwe kirefu na cha chuma, kisiwe cha plastiki, kisu kizame chote bila kugusa chini. Yapashe mafuta moto kwanza kwa kutumbukiza kipande cha nondo kilichochomwa, yafike digrii 50 hadi 60, yaani kidole kinaingia lakini hukiachi. Inashangaza lakini mafuta ya uvuguvugu yanapoza haraka kuliko ya baridi, kwa sababu ni mepesi yanatembea. Hakikisha hakuna maji ndani hata tone, maji yanageuka mvuke chini ya mafuta na mafuta yote yanarushwa juu. Weka mfuniko wa bati karibu na ndoo ya mchanga, moto wa mafuta unafunikwa, haumwagiwi maji. Miwani, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika, suruali ya kitambaa cha pamba. Watoto ndani.

Kwanza kile kipande cha majaribio. Kitie kwenye bomba, na uwe na sumaku ya spika mbovu uliyoifunga kwenye waya. Kila baada ya muda kitoe ukigusishe fasta. Mwanzo sumaku inanata, ikifika digrii 770 inaacha kabisa, chuma kinakuwa kama kipande cha mti kwake. Wengi wanaishia hapo na kuchovya, na kisu kinatoka kimekaza nusu nusu, kwa sababu springi inataka 830 hivi. Kwa hiyo baada ya sumaku kuacha rudisha, na ukikitoa tena mwagia punje chache za chumvi juu yake. Zikikaa vile vile kama mchanga bado. Zikigeuka zikawa kimiminika kinachong'aa kama umeloweka chuma, umepita 801. Rudisha kwa muda mfupi rangi ipande kidogo tu juu ya ile uliyoiona chumvi ikiyeyuka, na hiyo rangi ikariri, ndio rangi yako kwa tanuru lako na macho yako.

Kuna na ishara nyingine ambayo haihitaji kitu chochote. Chuma kikiwa kinapanda moto kwenye giza utaona kama kivuli kinatembea juu yake, sehemu nyeusi nyeusi inacheza ndani ya wekundu alafu inasogea kuelekea sehemu nene na kupotea. Hapo chuma ndio kinabadilika ndani, kinameza joto bila rangi kupanda. Kivuli kikishaisha kote ndio kaboni inaanza kuyeyuka ndani ya chuma kama sukari kwenye chai ya moto. Ukikipoza ghafla kaboni inanaswa humo humo, haina muda wa kujitenga, na ndio ugumu wenyewe huo.

Chovya kipande, kipoe, futa, kifungie kitambaa kizito ukibane kwenye vaisi, miwani machoni, kigonge kwa nyundo. Kinatakiwa kivunjike kama kigae, sio kipinde. Angalia palipovunjika, kama pana kijivu laini kama kitambaa cha mahameli umepatia. Kama panameta punje punje kama sukari ya mezani, moto ulizidi, punguza. Afadhali kipande hiki kikuambie kuliko kisu.

Sasa kisu chenyewe. Kikishafika rangi ile, kikiwa sawa kote, kaa nacho hapo dakika 3 hadi 5 ukikigeuza geuza, upepo mdogo kabisa, ukiona ncha inatangulia kung'aa ivute nje kidogo. Kutoka tanuru mpaka mafuta iwe hatua moja ya mguu, ukitembea bapa jembamba linapoa njiani na halitakaza. Kizamishe ncha kwanza, kimenyooka wima, chote na haraka, moto utawaka juu ya mafuta sekunde moja mbili alafu unazima, usishtuke ukakitoa nusu, ukikitoa nusu ndio unauwasha zaidi. Kichezeshe mbele na nyuma kama unakata mkate, kamwe sio kushoto na kulia maana upande mmoja utapoa kabla ya mwingine na kisu kitakuwa ndizi.

Hesabu kama sekunde 10 hadi 15, kikiacha kuchemka kitoe ukiangalie kwa urefu kama unalenga bunduki. Kimepinda? Una kama dakika moja, na glavu zako kinyooshe taratibu kwa mkono kwenye ubao, bado kinakubali. Dakika hiyo ikipita usijaribu tena, sasa hivi ni glasi.

Na ni glasi kweli. Kisu changu cha pili kilitoka kimenyooka vizuri mpaka nikafurahi, nikakiweka dirishani nikasema moto mdogo ntafanya kesho nimechoka. Asubuhi kikaanguka sakafuni, vipande viwili. Kwa hiyo usilale. Kikishapoa kiasi cha kushikika kwa mkono mtupu, kipimo cha tupa kwanza, pitisha tupa kuukuu kwenye makali bila kukandamiza. Itakwaruza ule ukoko wa juu kidogo alafu inatakiwa iteleze kama unasugua chupa. Ikiendelea kung'ata mpaka ndani hakijakaza, rudi kwenye moto. Ikiteleza, kioshe kwa sabuni mafuta na chumvi vitoke, sugua upande mmoja kwa msasa mpaka ung'ae ili uone rangi, na uende kwenye oveni usiku huo huo.

Oveni ndogo ya umeme ya mezani inatosha, lakini kile kitufe cha digrii usikiamini hata kidogo, ya kwangu ukiweka 200 inakupa karibu 230, nimejua kwa sukari. Siku moja kabla, washa oveni isubiri kama nusu saa itulie, weka punje za sukari nyeupe kwenye kipande cha foili, robo saa. Ukiweka 175 ya kweli zinabaki punje, ukiweka 190 ya kweli zinayeyuka zinakuwa maji ya dhahabu. Kila jaribio sukari mpya, ile ikikaa muda mrefu inaanza kugeuka rangi hata kwenye moto mdogo ikakudanganya. Ukishapata kitufe kikae wapi ndio sukari iyeyuke, panda kidogo juu ya hapo, uko kwenye 200.

Kisu kifukie kwenye sinia la mchanga mkavu ili joto la oveni linapopanda na kushuka lisikifikie, kipashwe masaa mawili, kitoe kipoe kabisa, rudisha masaa mengine mawili. Mara mbili, sio mara moja ndefu. Ule upande uliousugua utakuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji, hiyo ni 200 na kitu, na chuma cha springi hapo kinabaki na ugumu wa kama 58 kwa kipimo cha Rockwell, safi kwa kisu cha jikoni. Kwa panga au kisu cha kuchanjia kuni peleka mpaka rangi ya kahawia ianze kuingia zambarau, 260 mpaka 275, unapoteza ugumu kidogo unapata uvumilivu. Zambarau ya bilinganya ikigeuka bluu umepita 290, kwa kisu cha kukatia hapo umelainisha sana.

Kama oveni hakuna inawezekana kwenye jiko la mkaa, sufuria nzito, mchanga sentimita 5 chini ya kisu na mwingine juu, makaa yafunikwe majivu, sukari kwenye foili juu ya mchanga pembeni ya kisu, na sehemu ndogo ya bapa iliyosuguliwa iwe wazi uone rangi. Itabidi ukae hapo kama unapika maharage, kuongeza na kupunguza makaa. Inachosha lakini mi nilianzia hapo.

Makali sasa ndio uyamalize, grainda kidogo kidogo huku unachovya kwenye maji kila mara. Ukiona bluu imetokea kwenye makali umeyachoma, hapo matiko yameondoka na itabidi ulile hilo bapa mpaka uipite hiyo bluu. Mi siku hizi namaliza kwa jiwe na maji tu, taratibu.

Kipimo cha mwisho, chukua kipande cha ufito wa shaba, lala makali juu yake kwa pembe ya kunolea, kandamiza kidogo mpaka uone yanajikunja juu ya shaba, alafu sogeza. Yakirudi kunyooka, umemaliza, funga mpini. Yakimeguka vipande vidogo, ni magumu mno, rudisha oveni digrii 10 au 15 zaidi kwa masaa mawili. Yakibaki yamejikunja ni laini, na hapo hakuna njia ya mkato, unarudi kwenye mkaa na chumvi. Mpini ukishakauka kipake mafuta ya kula kila ukikiosha, na nyumbani waambie kisilazwe kwenye beseni la vyombo, asubuhi utakikuta kimevaa kutu ya rangi ya udongo.